SOMO LA FIZIKI: Jicho, Ncha na Tundu la Bunduki



Kila mwaka swali hili linarudi katika kalasi: pembetatu zenye kufanana zinasaidia nini nje ya daftari? Jibu moja munaliona barabarani karibu kila siku, linaning'inia begani mwa askari. Hatufundishi vita hapa. Lakini mutu anayejua kwa nini bunduki inakosa, anajua pia kwa nini mizani inakosa, na kwa nini mupimaji wa viwanja anakosa.

Tuanze na jambo ambalo wengi wanalikosea. Wanafikiri risasi inakwenda sawa na kamba iliyovutwa. Hapana. Ni mwangaza unaokwenda hivyo. Risasi inaanguka sawa na embe, tangu inapotoka mudomoni mwa bomba. Tuchukue FAL, bunduki ya Wabelgiji iliyotungwa Herstal karibu na Liège, ambayo ilionekana sana katika muji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, wakati wa mambo ya 1960 mpaka 1963. Risasi yake inatoka na mbio ya meta 840 hivi kwa sekunde. Kufika meta 200, tukiacha kwanza mambo ya hewa, inahitaji sekunde 0,24. Sasa fanya hesabu ya kuanguka: nusu ya 9,8, mara 0,24, mara 0,24 tena. Unapata meta 0,28. Sentimeta 28! Na kwa kuwa hewa inaipunguza mbio, inaanguka zaidi ya hapo.

Basi bomba halitazami shabaha. Linatazama juu kidogo, na jicho peke yake ndilo linatazama shabaha. Vile vyuma viwili vya kulengea viko pale kwa kushika hiyo pembe ndogo kati ya jicho na bomba. Cha mbele ni ncha, kwa Kifaransa guidon. Cha nyuma, katika FAL, ni tundu dogo. Katika AK ya Warusi ni mwanya wenye namba: 1 ni meta 100, 2 ni meta 200, hivyo hivyo. Askari anayeacha namba 6 na kulenga mutu wa meta 100 atapiga juu, hata kama mukono wake ni imara kama jiwe.

Pembetatu zetu ziko hapa. Katika FAL, toka tundu mpaka ncha ni milimeta 553. Sogeza ncha milimeta 1 tu. Kwa meta 100, yaani milimeta 100.000, kosa litakuwa 100.000 kugawa kwa 553: milimeta 181, ni kusema sentimeta 18. Ni zaidi ya upana wa daftari lako. Milimeta moja!

Ndiyo maana mutu hawezi kuanza kupiga risasi za kurekebisha, kama vyuma havijawekwa sawa kwanza. Anaangalia kama hakuna kinachotikisika, kwa sababu screw iliyolegea itaharibu kazi yote. Anaangalia kama ncha haikupinda. Anaweka namba ya umbali anaoutaka. Kisha anapeleka chuma katikati ya safari yake: anakizungusha mpaka mwisho wa upande mumoja huku akihesabu, anakirudisha mpaka mwisho wa pili, halafu anarudi nusu ya hesabu. Sababu gani katikati? Kwa kuwa bado hajui kama kosa litakuwa kushoto ao kuume. Akianzia pembeni, na kosa likiwa upande ule ule, hatakuwa na nafasi ya kulifuata.

Halafu anapiga risasi tatu ao zaidi bila kugusa kitu, na kutafuta katikati yao. Yule anayegeuza screw baada ya kila risasi anakimbiza kivuli chake. Walimu wa fiziki wanatofautisha fidélité na justesse ya mizani: risasi tatu zilizokaa pamoja mbali na shabaha ni mizani yenye fidélité isiyo na justesse, na hiyo inarekebishwa. Risasi zilizotawanyika huku na huku hazirekebishwi kwa screw.

Hapa pana mutego. Chuma cha nyuma kinasogezwa upande unaotaka risasi iende. Cha mbele ni kinyume: ncha ikienda kuume, risasi inakwenda kushoto, ncha ikipandishwa, risasi inashuka. Musikariri, mujaribu. Chukueni ubao wa sentimeta 55, bila bunduki yoyote. Mufunge juu yake mrija wa Bic uliotolewa wino, uwe bomba. Nyuma muweke karatono yenye tundu, mbele musumari mwembamba. Simameni meta 20 toka ukuta. Musogeze musumari milimeta 1 kuume, mugeuze ubao mpaka musumari urudie alama yake ukutani, kisha mutazame ndani ya mrija. Umehamia kushoto sentimeta 3,6 hivi.

Kwa mulinzi wa nyama wa Upemba, pori lililolindwa tangu 1939, hizo sentimeta si mchezo wa karatasi: nyati aliyejeruhiwa vibaya anarudi na hasira. Na katika muji kama wetu, nyuma ya kila shabaha kuna nyumba ya mutu, jiko, watoto wanaocheza. Risasi iliyokosa inaendelea na safari.

Zoezi. Katika AK, toka mwanya mpaka ncha ni milimeta 378. Kosa la milimeta 1 linakuwa sentimeta ngapi kwa meta 100? Na kwa meta 300? Muandike hesabu yote, si jibu peke yake.