SOMO: PANYA NDANI YA NYUMBA



Katika nyumba za mbao kule Kadutu, zilizojengwa karibu-karibu, panya akifukuzwa kwa jirani anaingia kwako. Kuwa na panya si aibu. Lakini kuna njia ya kumwondoa inayolinda watoto, na kuna njia inayowaletea hatari kuliko panya mwenyewe.

1. Panya analeta nini?

Akipita juu ya chakula anaacha mavi na mkojo. Humo mna vidudu vya kuhara na homa. Mkojo wake unaweza kuleta leptospiroze, ugonjwa unaoingia kwa kidonda na kuharibu figo na ini. Tena ana viroboto. Huko Ituri, katika zone ya afya ya Rethy, watu walipata tauni mwaka 2020 na 2021. Panya wa tauni akifa, viroboto wake wanamwacha na kutafuta mtu. Kwa hiyo usimguse panya aliyekufa kwa mkono mtupu.

2. Lowesha kwanza, kisha safisha

Wengi tukiona mavi ya panya tunakamata ufagio. Usifanye hivyo! Vumbi linapanda, wewe unalivuta, na mtoto aliye mgongoni vilevile.

a) Toa watoto nje. Fungua mlango na madirisha kwa nusu saa.
b) Vaa ganti, ama funga sashe za plastiki mikononi.
c) Changanya kikombe 1 cha javeli na vikombe 9 vya maji, siku ileile. Usitie dawa nyingine ndani.
d) Mwagia polepole juu ya mavi, kiota, ama panya aliyekufa. Ngoja dakika 5.
e) Okota kwa kitambaa kibovu, funga katika sashe mbili, uzike mbali na maji ya kunywa.
f) Pangusa mahali pale kwa javeli hiyo. Kisha nawa mikono na sabuni.

Kama javeli haiko, tumia maji ya sabuni. Kama chini ni udongo, lowesha, halafu kwangua udongo wa juu.

3. Funga njia, funga chakula

Panya mdogo anapita katika tundu lenye upana wa kalamu ya biki. Ziba matundu kwa bati, mawe na udongo, ama nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Weka unga katika ndoo yenye kifuniko. Osha sahani jioni, usingoje asubuhi. Unga uliotiwa mavi ya panya, utupe. Najua ni hasara, lakini kumtunza mtoto anayehara ni hasara kubwa zaidi.

Kisha tega mitego. Panya jike anabeba mimba wiki 3 tu, na anazaa watoto 5 ama 6, hata zaidi. Ukiua wawili na kuacha tundu wazi, kazi ni bure. Paka anasaidia, lakini hamalizi.

4. Sumu ya panya

Sumu inayouzwa sokoni katika vipakiti bila jina ni hatari sana. Mtoto anayetambaa anaiona kama chakula. Afadhali mtego.

Mtoto akila sumu, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Mlete hospitali mara moja, pamoja na kipakiti chenyewe. Usingoje aonyeshe ugonjwa: sumu zingine zinatoa damu baada ya siku 2 ama 3, na mganga akimpata mapema kuna dawa ya kuzuia.

Panya akimuuma mtoto usingizini, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha mlete.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini tusifagie mavi makavu ya panya?
2. Nyumbani kwako panya anapita wapi? Anakula nini?
3. Jirani yako akiwa na sumu ndani ya nyumba, utamwambia nini?

Mungu ametupa watoto hawa tuwalinde. Leo jioni, kabla ya kulala, angalia kifuniko cha unga.