Kufundisha Vita kwa Ramani ya Chaki: Askari wa Miavuli, 1944

Mara nyingi wanachuo wafundishapo Vita Kuu ya Pili huwapa wanafunzi orodha ya tarehe na majina ya majemadari. Wanafunzi hukariri, kisha husahau. Katika makala haya tunapendekeza kuchukua tukio moja na kulichunguza.

Mwezi Agosti 1944 mataifa washirika yaliunda jeshi moja la askari wa miavuli. Mkuu wake alikuwa Mmarekani, Lewis Brereton. Naibu wake Mwingereza, Frederick Browning. Ndani yake ilikuwamo pia brigedi ya Wapolandi chini ya Stanisław Sosabowski. Kazi ya askari hao ilikuwa kushuka nyuma ya adui, kuteka madaraja na kuyashikilia mpaka majeshi ya nchi kavu yawafikie. Kwa kuwa hawakuweza kubeba silaha nzito za kutosha, hawakuweza kudumu peke yao kwa muda mrefu.

Mwalimu achore sakafuni barabara ya Uholanzi itokayo kusini kwenda kaskazini, yenye miji mitatu: Eindhoven, Nijmegen na Arnhem. Vikundi viwili vya wanafunzi, yaani Wamarekani, visimame katika miji miwili ya kwanza. Kikundi cha Waingereza kisimame Arnhem. Kikundi cha nne, jeshi la nchi kavu, kianze safari tarehe 17 Septemba. Mwalimu akisimamishe karibu na Eindhoven, kwani daraja la Son lilikuwa limelipuliwa. Wapolandi wangoje kando: hali mbaya ya hewa iliwachelewesha hadi tarehe 21.

Hapo mwalimu aulize: Je, ushujaa wa walioko Arnhem watosha ikiwa wenzao hawajafika? Wanafunzi wenyewe watagundua kwamba mpango ulitegemea kila kiungo, na kwamba kuchelewa kwa mmoja kulikuwa hatari kwa wote.

Somo lisiishie katika mchezo. Mwalimu awasimamishe wanafunzi kumi, kila mmoja akiwakilisha askari elfu moja wa Arnhem. Kisha awaketishe wanane. Wawili waliobaki wawakilishe wale elfu mbili na ushei waliorudi kuvuka mto Rhine; wengi wa wengine walitekwa, na wengine waliuawa. Darasa likae kimya kidogo. Tukiwafundisha watoto vita bila kuwahesabu wasiorudi, tutakuwa tumewafundisha nusu ya somo tu.