Saluni Ilula: Anza na Mikono, Draya Itafuata

Wengi wanaotaka kufungua saluni ya kike Ilula, wilayani Kilolo, huanza kwa kusaka fremu ya barabarani. Ni kweli magari ya Dar es Salaam na Mbeya yanapita hapo usiku na mchana, lakini abiria wa basi hashuki akakaa saa tatu kusukwa rasta. Wateja wako ni wale wanaolala Ilula: wakulima na wachuuzi wa nyanya na vitunguu, walimu, wauguzi wa hospitali ya KKKT, wanafunzi wakiwa likizo. Hao watakufuata hata uchochoroni, mradi mkono wako unasifika.

Sasa tupige hesabu. Tuseme umejikusanyia shilingi 300,000. Ukipata fremu ya 40,000 kwa mwezi na mwenye nyumba akadai kodi ya miezi sita, 240,000 zimekwenda kabla hujanunua hata kitana. Afadhali uanzie barazani kwako, au umwombe fundi cherehani mwenye nafasi akugawie kona mchangie kodi.

Kusuka hakutaki umeme. Vitana vya mkia, chanuo, mkasi, kioo, taulo chache, kiti chenye egemeo na maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta vinatosha kuanzia. Mteja aje na rasta zake, wewe ulipwe ufundi. Ukijaza kabati rasta za kila rangi, mtaji wako unalala humo. Kama mkono bado mzito, kaa kwanza kwa msusi mzoefu hata kwa malipo kidogo. Mtoto akisukwa twende kilioni ikanyooka bila kulia, mama yake atakuja wiki inayofuata.

Draya inunuliwe na faida, si na akiba. Kabla ya kulipa, soma wati zilizoandikwa ubavuni: ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa, na hendi draya ya wati 2,000 inamaliza uniti hiyo kwa nusu saa. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU, kisha uiingize kwenye bei ya kuseti. Kama mita ni ya wapangaji wote, elewaneni mapema, maana ugomvi huanza siku hiyohiyo draya inapoingia.

Dawa ya nywele ni kemikali inayounguza. Usimpake mwenye kidonda au aliyetoka kujikuna kichwa. Zungushia mafuta mazito kwenye paji na masikio, vaa glavu, na usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo hata mteja akisema bado haijashika. Vitana vioshwe kwa sabuni na kutakaswa kwa dawa kila mteja anapoondoka, kwa sababu mapunye hupita humo. Wembe uwe mpya kwa kila kichwa, bila mjadala: virusi vya homa ya ini B na vya UKIMWI hupita kwenye damu.

Halafu kuna nyanya. Tenga likipata bei, saluni zinajaa. Bei ikianguka, wateja hufumuana wenyewe nyumbani na kufunga vilemba. Kwa hiyo miezi ya neema ndiyo ya kuweka kodi pembeni. Utasikia pia, "Dada, nitakulipa nikiuza nyanya." Mteja unayemfahamu mkopeshe ufundi, uandike kwenye daftari na tarehe; lakini dawa usikopeshe kamwe, kwani hiyo uliinunua kwa pesa taslimu.

Upande wa serikali, TIN hutolewa bure TRA, na leseni utaiulizia kwa afisa biashara wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilolo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Wanawake hukopa kwa vikundi, na pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kabla ya kutia saini, uliza rejesho linaanza lini, na mchague kiasi mnachoweza kukilipa kwa mapato ya mwezi ule mbaya, nyanya zikiwa hazina mnunuzi.