Kabla Hujanunua Ruta Mpya



Siku hizi katika nyumba nyingi za Geita, Kahama na Shinyanga mjini utakikuta kile kiboksi chenye taa kiitwacho ruta. Huchukua mtandao kutoka mnara wa simu kwa laini iliyo ndani yake, kisha huugawa nyumbani bila waya, kwa njia tunayoiita waifai. Malalamiko nayo ni yale yale: sebuleni mtandao ni mzuri, chumba cha nyuma anakosomea mtoto haufiki, au unafika ukijikokota. Baba hutoa pesa, hununua ruta yenye antena nne, na mara nyingi hali haibadiliki. Kwa nini?

Fahamu kwamba hapa pana safari mbili. Ya kwanza ni kutoka mnarani hadi kwenye ruta, ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Kasi utakayoipata ni ya ile safari iliyo dhaifu. Basi pima. Simama na simu mita mbili kutoka kwenye ruta, upime kasi, kisha nenda chumba cha nyuma upime tena. Tuseme karibu umepata megabiti 8 kwa sekunde na chumbani 1. Hapo tatizo ni safari ya pili. Ukipata 1 kote kote, tatizo liko nje ya nyumba. (Usichanganye megabiti na megabaiti. Megabiti 8 ni megabaiti 1, hivyo kitabu cha megabaiti 60 kwa kasi ya 8 huchukua dakika moja.)

Tatizo likiwa nje, hamishia ruta kwenye dirisha linaloelekea mnarani, juu kidogo. Geita ina vilima, na nyumba iliyo nyuma ya kilima hupata shida kuliko ile ya tambarare ya Shinyanga. Kisha pima usiku, na upime tena baada ya Swala ya Alfajiri. Ikiwa alfajiri kasi ni kubwa na usiku ni ndogo, mnara umeelemewa na watu. Hapo jaribu kwanza laini ya kampuni nyingine.

Tatizo likiwa ndani, kumbuka kwamba hata mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ya mawimbi hubaki robo. Ukuta wa tofali huipunguza zaidi, maji huyanyonya mawimbi, na bati huyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la chuma inaonewa bure. Iweke katikati ya nyumba, mahali pa juu.

Ruta nyingi zina mikondo miwili. Ule wa gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Wa gigahezi 5 una kasi zaidi lakini huchoka mapema. Chumba cha mbali kitumie wa kwanza. Penye nyumba zilizobanana, kama Katoro, ruta za majirani hugongana katika mkondo huo, basi chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache. Na weka nenosiri, maana mtandao huvuka ukuta, na bando la jirani ni mali yake. Haliguswi bila idhini.

Bado haufiki? Ruta ya zamani iliyo kabatini yaweza kufanywa kituo cha pili. Ivutie waya wa mtandao kutoka ruta kubwa (waya huo hufaa hadi mita 100) na uzime kazi yake ya kugawa anwani. Kwa maoni yangu hii ni bora kuliko kile kifaa cha kurudufu mawimbi bila waya, ambacho mara nyingi hupunguza kasi kwa nusu.

Kanda ya Ziwa ina radi nyingi. Wingu likianza kuunguruma, chomoa ruta kwenye umeme, na waya wowote unaotoka nje ya nyumba usipitishwe bila kinga ya radi.