SOMO LA 12: MBAO ZA MEZA YA NJE

Wanafunzi wa Darasa la Tano wanataka kutengeneza meza ya kusomea, itakayokaa uwanjani. Meza hiyo itanyeshewa na mvua za masika na kuchomwa na jua la kiangazi. Je, wachague mbao zipi?

Mbao ngumu na mbao laini

Wataalamu wa misitu hugawa mbao katika makundi mawili. Mbao ngumu hutoka katika miti itoayo maua, kama vile mninga, mvule, mkongo, msaji na mwembe. Mbao laini hutoka katika miti izaayo koni, kama vile msindano na mtarakwa wa milimani.

Majina haya yasikudanganye. Mbao za mwembe zimo katika kundi la mbao ngumu, lakini zikiachwa mvuani huoza upesi. Mbao za mtarakwa zimo katika kundi la mbao laini, lakini nguzo zake hudumu ardhini kwa miaka mingi.

Kwa nini mbao huoza?

Mbao huozeshwa na kuvu. Kuvu ni viumbe hai, na huhitaji chakula, hewa, joto na maji. Chakula chao ni mbao zenyewe. Mbao zikikaa kavu, kuvu hawawezi kustawi.

Tazama gogo la mninga lililokatwa. Sehemu ya nje ni nyeupe au ya manjano hafifu. Katika mti ulio hai, sehemu hii hupitisha maji na kuhifadhi chakula. Sehemu ya ndani ina rangi ya kahawia, nayo huitwa kiini. Mti huweka ndani ya kiini kemikali ambazo ni sumu kwa kuvu na wadudu wengi. Mwembe hauna kinga ya kutosha ya namna hiyo.

Jaribio

Vifaa: vipande viwili vya mninga vyenye ukubwa sawa, kimoja cha kiini na kimoja cha sehemu nyeupe, kipande kimoja cha mwembe, msumari.

1. Tia alama kila kipande.
2. Mwanzoni mwa masika, fukia nusu ya kila kipande katika udongo wenye unyevu.
3. Masika yakiisha, vifukue. Choma kila kipande kwa ncha ya msumari.
4. Andika katika daftari lako: kipi kimelainika? Kipi kimeliwa na mchwa?

Kutumia tulichojifunza

Kwa meza ya nje, chagua mbao za kiini cha mninga, mvule, mkongo au msaji. Acha nafasi ndogo kati ya mbao za juu ili maji yapite. Simamisha miguu ya meza juu ya mawe, isiguse udongo.

Mninga hukua polepole sana. Mtoto anayeupanda leo huenda akawa mzee kabla haujafaa kupasuliwa mbao. Msaji hupandwa katika mashamba ya miti, kama vile Mtibwa mkoani Morogoro na Longuza mkoani Tanga. Meza idumuyo huokoa mti mwingine usikatwe.

Maswali

1. Taja mahitaji manne ya kuvu.
2. Kwa nini kiini hudumu kuliko sehemu nyeupe?
3. Seremala anakuuzia ubao wa mninga wenye ukingo mweupe. Utautumia sehemu gani ya meza? Toa sababu.
4. Mawe chini ya miguu ya meza yanawanyima kuvu kitu gani?