TUJIFUNZE MANENO: IJMAA

Neno ijmaa tunalisikia sana hapa Njombe na kule Makambako, hasa mwezi unapotafutwa. Mtu husema, "Hiyo ni ijmaa," na wenzake wakanyamaza. Basi tulitazame.

Asili yake ni Kiarabu, mzizi mmoja na Ijumaa, jamaa na jumuiya. (Jumla halimo, ingawa linafanana.) Katika fiqhi, ijmaa ni kuafikiana kwa wanazuoni mujtahidi wote wa zama fulani, baada ya kufa Mtume (s.a.w.), juu ya hukumu ya sheria. Uzito uko kwenye "wote". Mfano ni mirathi: marehemu asipoacha mwana wa kiume, mjukuu aliyezaliwa na mwanawe wa kiume husimama mahali pake.

Kunuti ya Alfajiri je? Mashafii husoma, Mahanafi hawasomi. Hapo hakuna ijmaa. Na kama mwezi ulioonekana nchi moja unatosha nchi zote, wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Kwa hiyo ndugu wawili wakisali Idd siku mbili mbalimbali, asiwepo wa kumwambia mwenzake kuwa amevunja ijmaa.

Kamati ya msikiti ikikubaliana, tuseme "kwa kauli moja". Waliogombana wakipatana ni muafaka, kama CCM na CUF kuhusu Zanzibar tarehe 10 Oktoba 2001. Kura ya maoni ya Zanzibar ya 31 Julai 2010 ilipata "ndiyo" asilimia 66.4, huo ni wingi tu.

Andika "kwa ijmaa ya wanazuoni". Usiandike "ijmaa ya darasa letu".