SOMO: Kusoma tabaka za udongo mbele ya kujenga depo



Mara nyingi koperative ikitafuta kiwanja cha depo, inachagua tambarare karibu na mto. Pale kazi ni nyepesi na udongo iko mweusi. Lakini tujiulize: ile tambarare, nani aliitengeneza? Mara nyingi ni mto wenyewe. Tarehe 4 Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, mvua kali ilishusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mahali pengi, udongo inachunga alama za mafuriko ya zamani. Tujifunze kuzisoma.

Kanuni tatu

1. *Ya chini ndiyo ya zamani.* Ni kama mifuko ya maharagwe ku depo: mfuko ulioingia wa kwanza uko chini. Nicolas Steno, mtu wa Denmark, aliandika kanuni hii mwaka 1669. Ku Goma tunaiona wazi: udongo iliyo chini ya lava ya Nyiragongo ya 2002 ni ya zamani kuliko ile lava.

2. *Kinachokata ni kipya kuliko kinachokatwa.* Mukiona mufereji wa zamani umekata tabaka na kujaa mchanga, tabaka zilikuwa pale mbele ya mufereji.

3. *Kilicho ndani kilikuwa pale kwanza.* Mukikuta kipande cha tofali ao cha plastiki ndani ya matope yaliyokauka, ile matope ilikuja nyuma ya tofali na plastiki. Maana yake, si mafuriko ya wakati wa mababu.

Namna ya kufanya

Wakati wa kiangazi, tafuteni mahali mto umekata ukingo, ao muchimbe shimo la metre 1. Musizidishe kina: ukuta wa shimo unaweza kuanguka juu ya mtu. Safisheni upande moja na panga, kisha musome kuanzia chini kwenda juu.

- Udongo mweusi yenye mizizi: pale palikuwa juu, majani yaliota, mahali palitulia muda mrefu.
- Mchanga laini ao matope laini: maji ilipita polepole.
- Mawe makubwa na madogo yamechanganyika na matope: maji ilishuka na nguvu, kwa mara moja.

Mukikuta udongo mweusi, juu yake mawe na matope, kisha tena udongo mweusi, hadithi iko wazi: watu ao majani walikaa pale, mto ukafunika, kisha mahali pakatulia tena. Ule utulivu wa leo si wa kwanza.

Muangalie vizuri

Tabaka zinaonyesha nini ilitangulia na nini ilifuata, hazisemi miaka. Kwa miaka, muulize wazee wa kijiji. Tena, mlima ukiporomoka unaweza kugeuza udongo, ya chini ikakuja juu. Na watu pia wanajaza mashimo. Kwa hiyo shimo moja halitoshi: muchimbe tatu, muachanishe nafasi, kisha mulinganishe.

Uamuzi

Mukikuta tabaka ya mawe na matope, hata moja tu, musijenge pale depo wala nyumba. Mupande mazao ya muda mfupi, na ku ukingo mupande miti na matete ya kushika udongo. Depo iende mahali pa juu, mbali na njia ya maji na mbali na mteremko mkali, hata kama kubeba mifuko itakuwa nguvu. Na mukikosa tabaka kama hizo, musiseme hapo ni salama kabisa. Mto unaweza kuja mara ya kwanza.

Kazi ya kikundi: mbele ya mkutano unaokuja, muchore tabaka za mashimo yenu matatu ku karatasi, ya chini ipewe namba 1. Mulete karatasi ile mbele ya memba wote, kisha ndipo mupige kura juu ya kiwanja.